Maua ya Shaba Kwenye Tuta la Kambo

“Mbele hatukuonaka ile maua hapa,” Mama Kapinga alikuwa anasema. “Mwaka huu inaota kwako, na lengalenga yangu inakauka. Unataka niseme nini?”

“Kama ningejua kuipanda, ningeanza kwako,” Kambo akajibu bila kuacha kupalilia. “Sababu gani iote kwangu?”

“Mujukuu wako nilimuona na macho yangu. Alipita na ile maua mu kopo.”

Hapo Kambo alisimamisha jembe, akanitazama. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimechuchumaa kando ya ndoo ya kumwagilia, na nilijua kwamba Mama Kapinga hasemi uongo.

Kambo, mama mzazi wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Bustani yake ilikuwa chini kabisa ya mtaa wetu wa Katuba, kando ya kijito, na huko juu kijito kilipita chini ya ukuta mrefu wa kiwanda cha kusafisha mawe ya shaba. Ukoo wake ulilima pale kabla ya ukuta kujengwa. Tuta lililofuata lilikuwa la Mama Kapinga, ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Kwa miaka mingi wawili hao waliazimana jembe na kupeleka mboga sokoni pamoja. Mboga hizo, zaidi lengalenga, yaani mchicha, ndizo zilizonisomesha.

Maua yenyewe ni ya mmea mfupi, haufiki kiunoni, wenye vichwa vya rangi ya zambarau. Kambo alinionyesha mara ya kwanza tulipokwenda kutafuta uyoga, kwenye kilima ambapo miti haioti. Alisema udongo wa pale una mwenyewe tangu siku za wazee walioyeyusha mukuba, yaani shaba. Fasi yenye maua hayo, yaani mahali yanapoota, hailimwi, wala hapachimbwi kisima. Na ukiyang'oa, mwenye udongo atakufuata mpaka mlangoni kwako.

Mimi niliyang'oa. Mwalimu wetu alikuwa ametuagiza kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kimoja ambacho wazee wanakijua kuhusu ardhi au maji. Asubuhi ile niliuona mmea umesimama katikati ya lengalenga yetu, mahali ambapo haujawahi kuota, nikauchukua pamoja na udongo wake katika kopo la majarini. Nilitaka mwalimu aone kwamba na kwetu tunajua kitu. Sikufikiri kwamba Mama Kapinga angeniona nikipita na kuamini kwamba nimetumwa kwenda kuloga.

Baada ya ugomvi ule, watu walianza kunyamaza Kambo akipita. Lililo baya zaidi, na naona haya kuliandika, ni kwamba hata mimi nilianza kumchunguza. Kwa nini aliacha kutupikia mboga za matuta ya chini kabla majani hayajawa manjano? Kwa nini aliweka udongo kwenye ncha ya ulimi, akatema, kisha asiseme kitu? Alijuaje? Nilikula ugali wake nikiangalia mikono yake.

Kisha mwalimu akaja bustanini na darasa zima. Alimwomba Kambo atufundishe. Kambo alikataa, alisema akifundisha maua hayo, jina la mulozi, la mchawi, halitamtoka tena. Mwalimu hakumbishia, alikaa tu juu ya ndoo iliyopinduliwa akangoja. Mwishowe Kambo alituambia kila mmoja atafute ua lake kando ya maji, asimame hapo, asiliguse.

Tulitawanyika. Nilipopata langu niliinua kichwa, nikaona wenzangu wamesimama, mashati meupe, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa ndani ya tuta la Mama Kapinga. Wengine walipanda juu wakifuata kijito, kwenye kona zake zote, na wa mwisho kabisa, msichana aliyeitwa Chola, alisimama chini ya ukuta wa kiwanda, karibu na bomba lililotoa maji ya kijani. Alitupungia mkono.

Mama Kapinga alikuwa na ndoo mkononi. Aliufuata mstari ule kwa macho, kutoka kwa mtoto aliyekuwa kwake mpaka kwa Chola, akaiweka ndoo chini.

Mwalimu alisema ua haliwezi kuhukumu mtu, linatuonyesha tu fasi ya kuanza kuuliza. Maji lazima yapimwe, na yeye ataandika barua ya kuomba hivyo.

Siku chache baadaye, bwana mmoja alisimama kwenye mlango wetu. Kwanza niliona viatu vyake, visafi mno kwa njia yetu, nikawaza: mwenye udongo amekuja. Aliuliza ni nani aliyepeleka watoto kwenye ukuta. Alilijua jina la Kambo. Likizo ilipoisha tulimkuta mwalimu mwingine darasani, na habari za barua hatukuzisikia tena. Kambo aliacha matuta ya chini, halafu bustani yote. Shule yangu ikaishia hapo.

Sasa nina miaka kumi na saba. Sijui kama udongo una mwenyewe. Ninachojua ni kwamba onyo la Kambo lilituzuia kula mboga zile miezi mingi kabla ya mtu mwingine kuzishuku, na sokoni mpaka leo nauliza kila mboga imenyweshwa maji gani. Wauzaji wamenichoka. Nani alimtajia yule bwana jina letu, sijui pia. Kwa muda mrefu nilimbebesha Mama Kapinga kosa hilo, bila kuona lolote kwa macho, kama yeye alivyombebesha Kambo maua.

Mama Kapinga alikuja Jumapili moja, akitoka kanisani, na fungu la lengalenga ya tuta lake mikononi, bado lina maji ya kijito. Hakutaja maua, hakutaja yule bwana. Alisema tu kwamba amekuja kusalimia. Kambo aliitazama mikono ya mwenzake, kisha akasogea pembeni ya mlango.

“Ingia, mama,” alisema. “Ile lengalenga uiache inje.”