Samaki wa Bibi Aliyerudishwa Mtoni

Nikipita Fordsburg, hapa Johannesburg, asubuhi, kwenye duka moja la samaki wa barafu, husikia muuzaji akibamiza bonge la samaki mezani ili waachane. Ko! Ko! Wenzangu wanasikia biashara. Mimi humwona papa, baba yangu, kando ya mto wa milimani, mikono inachuruzika maji, anasema, "Sorry, bosi."

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya wageni kufukuzwa mitaani, na sisi tulikuwa tumetoka kwenye mahema ya waliofukuzwa tukapata chumba Yeoville. Bibi, mama yake papa, alitoka mahemani ngozi na mifupa. Chakula hakipiti. Mwanamke huyu alizaliwa Uvira, Kongo, na maisha yake yote alipasua migebuka, samaki wa ziwani, nasi tunamletea samaki wa kopo! Alikuwa analinusa kopo, anakunja uso, anasema, "Hii ni maiti ndani ya nyanya." Alitaka kitu kimoja tu, samaki mubichi, aliyekufa siku ileile.

Papa alikuwa mlinzi kwenye geti la ghala huko Midrand. Bosi wake, Mista Deon, alikuwa mgonjwa wa kuvua. Aliposikia papa ni mtoto wa ziwa, akamwambia Jumamosi waende mtoni kuvua samaki waitwao bass, wale wa mdomo mdogo wanaopenda maji ya mawe. Mimi nililia mpaka nikachukuliwa.

Sasa hapa ndipo tulipojikwaa. Nyumbani kwetu hakuna kichwa kilichoweza kuwaza kwamba mtu mwenye akili timamu ataamka alfajiri, achome petroli mpaka milimani, amvue samaki, halafu amrudishe majini. Haiingii! Papa akaahidi, Bibi akaamini. Akaamka mapema, akatwanga pilipili, akamwalika Mama Zawadi wa chumba cha pili na mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu mahemani nikamsikia Bibi anaimba.

Mto ulikuwa mwembamba, baridi, unanukia majani yaliyolowa. Mista Deon alimfundisha papa kurusha ndoano nyuma ya mwamba, pale maji yanapotulia, maana bass hujificha hapo akisubiri riziki. Yeye mwenyewe alikuwa mbali kidogo juu yetu. Nilimwona akiinama majini na kuinuka, akicheka peke yake, nikadhani samaki anaowapata anawaweka mahali.

Mara fimbo ya papa ikapinda. Samaki akaruka hewani, rangi ya shaba, jicho jekundu, ana hasira kama mama mkwe. Papa naye akaanza kupiga kelele za kwao, kelele ambazo sikuwahi kuzisikia mjini. Akamtoa, akamlaza juu ya jiwe, akachukua kipande cha mti. Ko! Moja tu kichwani. Ziwani kwao ndivyo ilivyo. Samaki haachwi ahemeheme mbele ya watu, ni kumvunjia heshima.

Mista Deon alikuja mbio. "Umemuua! Umemuua!" Uso mwekundu, na haki ya Mungu, machozi yanamlenga. Akamshika yule samaki kwa mikono miwili, akampeleka majini, akamsukuma mbele na nyuma apumue. Samaki hakupumua. Akasema hao wanarudishwa hai, kila mtu anajua, ni mshenzi gani huyu.

Papa alidhani ugomvi ni wa mali. Masikini papa wangu! Akasema kwa Kiingereza chake cha getini, "Sorry, bosi. Tukate katikati. Nusu yako, nusu ya mama yangu mgonjwa."

Mista Deon alimtazama. Akasema, "Hutamla. Ujifunze." Akamrusha kwenye maji ya kasi.

Samaki akageuka tumbo juu, akakwama kati ya mawe mawili, karibu kabisa, hata mimi ningemfikia. Nikakimbia. Papa akanidaka gauni kwa nyuma, akanishika mpaka mshono ukafumuka. "Acha," akasema. Tukasimama hapo mpaka maji yakamfungua yakaenda naye.

Ukubwani nilikuja kusoma kwamba bass mwenyewe si wa mito ile. Aliletwa kutoka ng'ambo, na huwala samaki wenyeji. Eish! Mgeni kama sisi, ila yeye alipata mtu wa kumlilia.

Tulirudi tumekaa nyuma ya bakkie, pikapu ya Mista Deon, upepo unatuchapa. Tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, papa akaniambia nikisema neno nyumbani atanikata ulimi. Mlangoni harufu ya mafuta ya moto ilitupokea. Mama Zawadi na mumewe walikuwa wameshakaa.

"Leo mto haukutoa kitu," papa akasema.

Bibi akanyoosha mkono, akauvuta mkono wa papa mpaka usoni kwake mwenyewe, akaushikilia hapo kitambo. Kisha akaangua kicheko. "Mwanaume wa ziwa kushindwa na kamuto! Mama Zawadi, nilizaa mvuvi ao nilizaa kuku?" Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Papa naye akacheka, kichwa chini. Tukala ugali na pilipili. Utani ule haukuisha. Hata wageni wapya walisimuliwa, na mimi nilimchukia Bibi kwa roho yangu yote.

Alikufa majira ya baridi yaliyofuata, hajaonja samaki mubichi.

Sasa nina jiko langu, na najua kwamba harufu ya samaki mkononi haitoki kwa maji ya mto. Bibi, aliyepasua samaki maisha yake yote, aliijua harufu ile mara moja. Alijua samaki alipatikana, na alijua mwanawe amenyang'anywa. Akachagua watu wamcheke mvuvi, wasije wakauliza lile jingine. Na pale alipoushikilia mkono wa papa usoni muda wote ule, nilidhani anamkagua. Alikuwa anakula.