Nyuma ya Picha ya Lucio

Fortunato Palomino alikuwa mpiga picha wa uwanjani, huku kwetu milimani, mjini Ayacucho, hodari wa kamera ya sanduku na wa maneno. "Funga mdomo, mama, nzi sikuja kumpiga picha," ndivyo alivyowaambia wateja. Miaka ya vita kila mtu alihitaji kitambulisho. Kufika kwenye kizuizi cha wanajeshi bila karatasi kulikuwa kujitafutia kaburi. Kwa hiyo nyuso zetu zote zilipita mikononi mwake. Wapiga picha wengine walitupa negativu zao za karatasi, zile picha za kinyume ambazo kwazo nakala huchapwa. Yeye, kwa ubishi tu, alizitunza kwenye makopo ya mikate ya Krismasi, na nyuma ya kila moja aliandika kwa penseli tarehe, idadi ya nakala na aliyezichukua.

Vita vilipokwisha, ubishi huo ukawa baraka. Akina mama waliopotelewa na watoto walimiminika kwake, naye akawachapia sura za wanao bure. Mmoja tu alirudi mikono mitupu kila mara: Leonarda Ccente, muuza viazi. Mwanawe Lucio alichukuliwa na wanajeshi akiwa na miaka kumi na tisa, nyumba ikachomwa na vyote vilivyokuwamo. Kwenye maandamano wenzake walibeba picha, yeye alibeba kadibodi yenye jina tupu.

"Leonarda, mwanao bado anaionea haya kamera?" walimtania. Wafiwa wana ruhusa yao ya utani.

"Namsubiri Fortunato amtafute," alijibu.

Picha ya Lucio Fortunato alikuwa nayo. Alikuwa nayo miaka yote kumi na saba, na kopo alilijua. Mtu mbaya hakuwa, sitamwita hivyo, ila mwoga alikuwa. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Akina mama walipopata chumba cha kumbukumbu, walimwomba awakabidhi negativu zote, mbele na nyuma. Angeweza kuiondoa ile moja ya Lucio. Asubuhi nzima aliishika jikoni, karibu na moto. Kisha akavaa kofia, akaenda sokoni.

Leonarda aliipokea nakala mpya, akaipapasa shavuni. "Kumbe kovu lilikuwa upande huu," alisema, machozi yakimtoka. "Nilianza kusahau."

Fortunato akampa na negativu.

"Hapa nyuma pameandikwa nini?"

Leonarda hakujua kusoma. Uongo ulikuwa rahisi kuliko kununua chumvi.

"Tarehe," alisema Fortunato. "Halafu, nakala nne, Lucio mwenyewe." "Halafu, nakala moja, kambini. Ofisa alikuja na bunduki, mama. Nikamchapia. Siku ya tatu wakamchukua Lucio."

Leonarda alikaa juu ya gunia.

"Kila nilipokwenda kambini," alisema, "waliniambia hawamjui. Hawajapata kumsikia. Mpaka nikaitwa kichaa. Kumbe walimtafuta kwa sura."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ushahidi umeufungia kwenye kopo."

Fortunato alivua kofia.

"Sijakusamehe," Leonarda alisema. "Jumapili utakuja kwenye chumba cha kumbukumbu, uwasomee watu maandishi hayo ya nyuma. Kwa sauti. Wengi wetu hatukusoma."

Jumapili alikwenda, akasimama mbele yetu sote, kofia mkononi. Sauti ilimkatika alipofika kwenye neno "kambini", na ni Leonarda aliyelitamka.