Jeshi la Mtu Mmoja na Wenzake

Bango mlangoni lilisema humo yumo wakili "na Wenzake". Wenzake gani? Ndani mlikuwa na meza moja, birika la umeme na kiti cha wateja chenye mguu mmoja mfupi. Wazo lilikuwa la mchora mabango: "Dada, ukijiandika peke yako watu watakuonea huruma." Akakubali. Simu ikilia, aliipokea kwa sauti nyembamba ya katibu muhtasi, "Subiri nikuunganishe na wakili," akakohoa kidogo, kisha akarudi na sauti nzito ya wakili mwenyewe.

Zamani alikuwa kwenye ofisi kubwa ya mawakili, akiwabebea mafaili wakubwa waliopokea sifa kwa hoja alizokesha nazo yeye. Alipochoka, aliaga akaenda zake. Tangu hapo alizivaa kesi za biashara peke yake: wabia waliokosana, shehena zilizooza njiani, mashine mpya zilizogoma siku ya pili. Mahakamani wakambatiza Jeshi la Mtu Mmoja, na jina hilo, tuseme ukweli, lilimpanda kichwani. Mawakili hushikiana kesi kila siku. Huyu akikwama, yule anasimama kwa niaba yake. Yeye akiombwa alisimama. Kuomba, ng'o!

Sasa siku hiyo alikuwa na kesi mbili asubuhi moja, ya kwanza chini, ya pili ghorofa ya nne. Ile ya juu ilikuwa ya Mama Magodoro, ambaye mbia wake alitaka kuziuza mashine za karakana yao. Kilichomzuia ni amri ya muda ya mahakama, na amri yenyewe ilikuwa inaisha leo. Kesi ikiitwa bila wakili wa kuomba amri iongezwe, basi, mashine zimekwenda na riziki ya mama wa watu imekwenda nazo.

Huko chini, shahidi alikuwa na maneno mengi na jaji aliandika yote kwa mkono, taratibu, akipuliza kalamu. Wakili alikaa kwenye kiti kama amekalia makaa. Alipoachiwa tu, alivua viatu, akavishika mkononi, akapanda ngazi mbiombio huku joho likimkwaza. Alijilaani njia nzima. Jeuri ilikuwa yake, lakini atakayeumia ni mwingine.

Aliposukuma mlango, mtu alikuwa amesimama mbele ya jaji. Mzee wa Pingamizi! Mpinzani wake wa miaka nenda miaka rudi, aliyekuja kusubiri kesi yake mwenyewe.

"Mheshimiwa, namshikia mwenzangu, yuko njiani. Tunaomba amri iongezwe."

Jaji akatupa jicho mlangoni, akaviona viatu. "Naona njia imefika mwisho. Amri inaongezwa."

Mama Magodoro alimkumbatia Mzee, akamkumbatia wakili, nusura amkumbatie na karani.

"Nani alikuomba, Mzee?" wakili aliuliza walipotoka nje, machozi yakimlengalenga.

"Hakuna. Nimemuona mama wa watu anatetemeka." Mzee akarekebisha tai yake. "Halafu pale mlangoni kwako napita kila siku, nasoma 'na Wenzake'. Nikajua mmoja wao ni mimi."

Wakili alicheka, akalia, akavaa viatu. Kisha akakohoa kidogo, kama kawaida yake, ila safari hii sauti iliyotoka ilikuwa moja tu.

"Mzee, Alhamisi nina mbili tena. Utanishikia?"

"Saa ngapi?"