Victorine agoma kuuza timu aliyoipa jina bila kujua

Jeanne, au Mama Chloé, anayeuza mboga mlangoni mwa jumba lao huko Bertrams, Afrika Kusini, ana maelezo yake kuhusu jina la timu ya Bado FC. Anadai kwamba kocha François alikwenda kuiandikisha akiwa amelewa. Karani akamuuliza timu inaitwaje, yeye akadhani anaulizwa kama amekula. Akajibu, "Bado." Karani akaandika.

"Mama Chloé anapenda kuchekesha wateja wake," anasema Victorine Kavugho, jirani yake wa ghorofa ya pili. "Papa François hata bia hagusi. Aliyesema bado ni miye."

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Victorine, 54, ameinamia cherehani katika chumba cha mafundi huko Doornfontein. Anashona namba nane mgongoni mwa jezi ya kijani. Namba ameikata kwenye kitambaa cheupe kilichobaki aliposhona sare za kwaya. Namba za kuchapisha hazitaki.

"Ukifua mara tatu, nane inakuwa tatu," anasema. "Halafu refa anampa kadi mtu ambaye hajafanya kitu."

Siku nzuri anapata kama randi 220 kwa kushona nguo za watu. Kwa jezi halipwi. Lakini katika makaratasi ya chama cha soka cha mkoa, fundi huyu ni mmoja wa waanzilishi wawili wa Bado FC. Mwingine ni François Muhindo, 63, kocha. Bila sahihi za wote wawili, timu haisajiliwi kwa msimu mpya, wala haiuzwi.

Na yuko anayetaka kuinunua. Ni mfanyabiashara wa nje ya jiji. Hataki wachezaji, hataki jezi, hataki jina. Anataka nafasi yao ligini tu, aiweke timu yake.

François amekwisha kutia sahihi fomu ya kuuza. Victorine amegoma. Yeye ametia sahihi fomu ya usajili, peke yake. Mwisho wa usajili ni Jumatatu, keshokutwa. Wakivutana mpaka siku hiyo ipite, nafasi inapotea na wote wanabaki mikono mitupu.

"Basi ipotee," anasema, akikata uzi kwa meno. "Lakini mkono wangu hautaiuza."

Habari ya jina ni ya mwaka 2007. Wawili hao, wote wenyeji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, walikwenda kuandikisha timu ya vijana wa kanisani. Karani aliuliza kwa Kiingereza timu inaitwa nani. François akamgeukia Victorine na kumuuliza kwa Kiswahili kama jina wameshachagua.

"Nikamwambia, bado. Yule karani aliona mwanamume ameuliza, mwanamke amejibu. Akaona yameisha, akagonga muhuri. Tulikuja kusoma tukiwa nje, tumesimama kwenye robot tukingoja taa. Papa François alikaa chini pale pale barabarani!"

Kubadilisha kulitaka foleni nyingine na ada nyingine. Wakaliacha.

Mechi ya kwanza walifungwa sita bila. Watu wa upande wa pili wakaanza kuwazomea, wakiwauliza watarudi kwao lini. Victorine alikuwa kando ya uwanja na ndoo ya maji. Alijibu kwa sauti, peke yake: "Bado!" Wachezaji wakacheka, kisha wakaitikia wote. Tangu siku hiyo ndiyo kelele ya timu.

Mwaka 2008, fujo za kuwapinga wageni zilipozuka, wachezaji watano walirudi Kongo. Jezi zilikaa wiki sita chini ya kitanda cha Victorine. Timu ilirudi uwanjani na watu tisa. Ikacheza na tisa hao hao.

Leo nusu ya kikosi ni wazaliwa wa Afrika Kusini. Wanapewa nauli, na wakishinda, randi 150 kila mmoja. Kipa Lwazi, 23, hajui Kiswahili, ila neno moja analijua.

"Eish, mwaka mzima nilidhani bado ni mnyama wa Kongo," anasema kwa Kiingereza. "Nilikuwa namwogopa."

Saa tisa alasiri Victorine anafika kwenye uwanja wa mazoezi, Bertrams, na jezi kichwani. François amekaa kwenye kreti, mguu ameunyoosha.

"Umekuja kugombana, Mama?"

"Nimekuja kuleta jezi. Kugombana ni nyongeza."

François hafichi sababu yake. Goti limeisha, anasema, na kila asubuhi simu inalia, mchezaji hana nauli. Miaka kumi na minane. Anataka apate chochote, apumzike.

"Pumzika, Papa. Nani amekukataza?" Victorine anamjibu. "Lakini timu si goti lako."

"Hata jina lenyewe tuliandikiwa kwa makosa."

"Na miye nilizaliwa kwa makosa. Mama alikuwa ameshasema watoto basi. Mbona niko?"

François anacheka, hataki kucheka. "Kichwa ngumu, wewe!"

Mpango wake Victorine anao tayari. Joël, nahodha wa zamani ambaye sasa ni mlinzi huko Hillbrow, amekubali kufundisha Jumanne na Alhamisi akitoka zamu. Na mwakani anataka Bado FC ya wanawake. Wasichana kumi na wanne wamekwisha kuja kupimwa jezi.

"Watu wananiuliza kama nitachoka," anasema. "Waulize waliotuzomea siku ile. Wao wako wapi?"

Anatoa fomu ya usajili kwenye mfuko wa plastiki na kuilaza juu ya mpira uliosimama miguuni mwa kocha. Anafungua kalamu.

"Papa François, tia sahihi hapa, chini ya yangu. Halafu uende ulale hata mwaka mzima, sitakuamsha. Nakuomba."

François anaitazama fomu. Anawatazama vijana wanaokimbia kuuzunguka uwanja. Anaweka filimbi mdomoni, haipulizi.

Victorine anabaki amemnyooshea kalamu.