Sahihi Kwenye Fomu Tupu

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mwalimu wa taaluma alipotugawia fomu za machaguo. Sie wa kidato cha nne tulitakiwa tuandike tahasusi tunazotaka kusoma kidato cha tano, mzazi asaini, na fomu irudi kesho yake kabla ya mstari wa asubuhi. Wenzangu walikuwa wanaulizana nani atapangiwa bweni mkoa gani. Mie yangu niliikunja, nikaificha ndani ya daftari.

Baba alikuwa anaamini nasoma sayansi. Nilichagua mkondo wa sanaa mwanzoni mwa kidato cha tatu, nikaacha Fizikia na Kemia, na sikumwambia. Sikuacha kwa sababu ya ugumu. Mwalimu wa Fizikia alikuwaga na tabia ya kumwita mtu ubaoni akokotoe mbele ya darasa zima, na mie nikisimama mbele za watu hata jina langu silikumbuki. Siku ya kuchagua mkondo nikafuata wale wasioitwa ubaoni. Kupenda Jiografia kulikuja baadaye.

Karibu miaka miwili baba hakugundua. Baiolojia tunasoma wote, kwa hiyo akifungua daftari anakuta nimeuchora moyo vizuri na mishale yake, anaridhika. Ripoti ikija anatafuta kitu kimoja tu, nimekuwa wa ngapi. Mama alijua. Aliniambia mapema kwamba yeye hayumo, nitamwambia baba mwenyewe.

Jumanne hiyo, baada ya masomo, nikamfuata baba kazini Mwenge, anakochonga vinyago pamoja na fundi mmoja wa huko kwao kusini. Njia nzima nilipanga nitakavyoanza. Nikaamkia, wakaitikia, na yule fundi, ambaye hajawahi kuniita jina langu, akaweka tupa chini na kuninyooshea mkono.

"Dokta, njoo unipime presha. Baba yako kanichukulia gogo langu tangu asubuhi, imepanda."

"Huyu humpati kirahisi," baba akamjibu. "Akimaliza chuo utapanga foleni kama wenzako."

Wakacheka. Na mie nikacheka, na maneno yote niliyoyapanga yakaishia hapo. Nikasema tu kuna fomu ya kusaini. Baba akapangusa mikono kwenye suruali, akauliza pa kuweka sahihi, akasaini. Nafasi za machaguo zilikuwa bado tupu.

"Hujaisoma, baba."

"Nisome nini? Si PCB? Kajaze mwenyewe, mwanangu."

Fizikia, Kemia na Baiolojia, ndiyo tahasusi pekee anayoijua.

Niseme ukweli, nilirudi nyumbani Mwananyamala nimefurahi. Niliona naweza kuandika ninachotaka, nikabidhi, na yeye asijue mpaka majina ya kidato cha tano yatoke. Nikaandika EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, maana nataka kuja kusomea mipango miji. Nilipomaliza nikaitazama ile sahihi pale chini. Ilikuwa kama vile amekaa na mimi, tukashauriana, akakubali.

Wakati wa kula akamsimulia mama kwamba leo amemsainia daktari fomu. Mama akaniangalia, akaendelea kupakua. Nikasingizia kichwa, nikaondoka mezani.

Asubuhi saa kumi na moja na nusu baba alikuwa barazani anafunga viatu. Nikakaa chini karibu yake ili nisimwangalie usoni, nikamwekea fomu gotini.

"Baba, Fizikia sisomi. Niliacha kidato cha tatu. Hapa nimejaza EGM."

Akaisoma mstari kwa mstari. Akauliza kama inaweza kurekebishwa. Nikamwambia haiwezekani, tumeshasajiliwa mtihani na somo hilo kwangu halipo. Akauliza nani mwingine anajua. Jikoni, sufuria zikaacha kugongana.

"Ungeniambia siku ile, tungegombana siku moja tu, yakaisha," akasema taratibu. "Sasa mie nimeshawatangazia watu."

Akanirudishia fomu, akatoka bila kunywa chai.

Nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaenda shule. Wenzangu walikuwa wanakusanya fomu zao kwa kiranja. Yangu nikaipeleka mwenyewe hadi mezani kwa mwalimu. Akaikagua, akagusa ile sahihi kwa kalamu, akaniuliza kama mzazi amekubali.

"Anajua," nikasema.