Nilimwambia Profesa Kwamba Ndoto Zimekoma

Admin, tafadhali ficha jina langu na la shule. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Kisumu. Kwetu ni karibu na Luanda Kotieno, na naandika kwa simu ya shangazi kwa sababu tuko nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula.

Nilipokuwa na miaka minane, kaka yangu mkubwa alizama ziwani. Miezi michache baadaye alikuja mama mmoja, mtaalamu wa saikolojia kutoka chuo kikuu, kufanya utafiti juu ya watoto waliofiwa na watu wao majini. Nitamwita Profesa. Kila Alhamisi alikaa na sisi watoto tisa katika darasa la chekechea. Alitupa karatasi tuchore boti, tuandike jina la marehemu juu yake, kisha tumzungumzie. Halafu alimuuliza kila mmoja peke yake kama marehemu bado anamjia ndotoni.

Kaka alikuwa ananijia. Alisimama mlangoni mwa jikoni, nguo zikichuruzika maji, akiuliza kwa nini tumekula bila yeye. Lakini Dani, yaani nyanya yangu, alikuwa amenionya. Kwetu, marehemu akirudirudi ndotoni, hilo ni jambo la wazee wa boma. Mgeni haambiwi, maana watu watasema nyumba ile ina kitu.

"Huyo mama ni mtu mzuri," Dani alisema, "lakini mwambie unalala vizuri. Hayo mengine ni ya nyumba."

Wiki ya sita nikamwambia Profesa kwamba ndoto zimekoma. Aliweka kalamu chini akanikumbatia. Nilikuja kujua baadaye kwamba wenzangu wote wanane walikuwa wameonywa vivyo hivyo kwao, nao wakasema zimekoma.

Hakunisahau. Amekuwa akinitumia vitabu, na hupiga simu kila matokeo yakitoka. Ni kwa sababu yake nataka kusomea saikolojia. Mwaka huu nilikuta kitabu chake katika maktaba ya shule. Kuna ukurasa unaomweleza msichana wa miaka minane aliyechora boti isiyo na mtu ndani, ndoto zake zikakoma wiki ya sita. Nilifunga kitabu nikakirudisha pale pale. Utafiti ule ndio uliompa uprofesa, na walimu wa ushauri katika shule nyingi za huku ziwani hufundishwa kutumia njia yake.

Hata wa kwetu. Kuna msichana wa kidato cha kwanza, nimwite Achieng, ambaye baba yake alizama upande wa Dunga. Jumamosi moja tulikuwa tunafua nguo pamoja nikamtania, "Wewe unasinzia mpaka mwalimu wa hesabu anakupita kama kiti."

Alicheka kidogo. "Si heri nilale mchana? Usiku baba anakuja."

"Umemwambia mwalimu wa ushauri?"

"Nilimwambia zimeisha. Wale watoto wa kitabuni wote walipona wiki ya sita. Nikisema bado, si ataona ni mimi nimeharibika?"

Niliiacha nguo ndani ya beseni. Nikamwambia, "Mmoja wa wale watoto ni mimi. Na kaka yangu alikuja hata wiki jana."

Aligeuka akanitazama. "Na umefika kidato cha tatu?"

"Nimefika."

"Na unakuwanga wa pili darasani."

"Wa tatu."

Alirudi kufua. Baada ya muda akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kaka yangu huwa amelowa maji. Nikasema ndiyo. Akasema baba yake pia.

Ijumaa baada ya kufungua, Profesa anakuja shuleni kwetu kupewa heshima, na mimi ndiye nimechaguliwa kusoma shukrani. Jana nilimwambia Dani nataka kusema ukweli.

"Utamvua nguo mama wa watu mbele ya watoto? Mtu aliyekushika mkono hivyo?"

"Na huyu mtoto, Dani?"

Aliendelea kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani. Halafu akauliza, "Kwako bado anakuja?"

"Bado."

"Kwangu pia," alisema.

Ndugu zangu, Profesa hakudanganya mtu. Aliandika tulichomwambia. Na kutaja jina la kaka juu ya boti ile kulinisaidia, maana nyumbani hakuna aliyekuwa akilitaja. Naogopa walimu wakijua wataitupilia mbali njia yake yote, na yeye ataniona mwizi wa kazi yake ya maisha. Lakini nikinyamaza, watoto wataendelea kusema wamepona.

Je, nimpigie simu kabla ya Ijumaa nimwambie sisi wawili tu, au nimwombe Dani, aliyenionya, amwambie yeye kwanza? Nishaurini, hasa nyinyi mliowahi kumrudia mwalimu wenu na kosa lenu. Jumatatu narudi shuleni, na nimemwahidi Achieng kwamba hatakuwa yeye peke yake atakayesema bado.