Bega la Mbuzi na Jisu la Kinepali

Hii habari siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa wima, kwa hiyo niacheni niegemee hapa, na atakayecheka ageukie ukutani, maana aibu yenyewe bado mbichi na aliyeumia si mimi.

Mnajua sisi Wakikuyu ndoa haijakamilika mpaka ngurario, na kwenye ngurario bwana harusi anakata bega la mbuzi aliyechomwa mbele ya wakwe, anatafuta kiungo, kisu kinapita, kisha anamlisha mchumba wake kipande. Basi, ni hilo tu nililotakiwa kufanya. Mama yake mchumba wangu Wambui alikuwa ametoka Nyeri kwa viza iliyomtoa jasho (mara ya kwanza walimnyima), na ndege yake ya kurudi ilikuwa kesho yake asubuhi, na alichokuja kuona London si saa kubwa wala daraja, ni bintiye akilishwa kile kipande.

Sasa mimi nyama naijua ikiwa kwenye sahani. Mwenye akili angemwendea Mzee Kamau, baba mdogo wa Wambui, amwonyeshe kiungo kiko wapi. Mimi nikaona haya, nikamwuliza Rajan, Mnepali ninayefanya naye kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, kama ana kisu kikali cha kuniazima.

Rajan akaja kwangu Tottenham na khukuri tatu, yale majisu yao yaliyopinda, kazifunga kwenye blanketi ndani ya buti ya gari (huku ukitembea na kitu kama hicho barabarani unalala selo), na badala ya kuchukua moja nikasema tuzilinganishe kwanza. Ya kwanza wanaiita sirupate, nyembamba na ndefu, ilifyeka matawi vizuri lakini kwenye gogo ikakwama. Bhojpure, yenye tumbo pana, ikapasua kuni mbili tatu. Ya tatu, ang khola, mgongo mnene na uzito wa kuvuta bega, niliishusha kwenye mfupa wa ng'ombe niliochukua buchani, ikaukata na kuzama kwenye gogo. Rajan akafurahi kama mimi.

"Kwetu sikukuu ya Dashain, shingo ya mbuzi ni pigo moja," akaniambia. "Ukirudia, ukoo mzima unaona haya."

Na mimi, pumbavu, nikalibeba hilo moyoni, nikasahau kwamba kwao sifa ni pigo moja na kwetu sifa ni kisu kisisikike.

Siku yenyewe ukumbi umejaa, mama mkwe yuko mbele na kilemba kipya, nikatoa ang khola kutoka kwenye blanketi. Mzee Kamau akalitazama.

"Kijana, hilo ni la nini?"

"La mbuzi, mzee."

"Mbuzi alishakufa."

Watu wakacheka, na hapo ningeomba kisu cha jikoni mambo yangeisha, lakini kiburi kilikuwa kimeshapanda, nikainua mkono nikashusha. Sinia likaruka, mafuta yakammwagikia mama mkwe mapajani, bega likavunjika katikati ya mfupa, mbali kabisa na kiungo, na vipande vya mfupa vikatawanyika kwenye nyama. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Endelea tu, mum anaangalia," Wambui akaninong'oneza.

Nikaokota kipande kilichoonekana kizuri, nikamlisha. Aliuma mara moja, nikasikia mlio (bado nausikia), akafunika mdomo, na alipotoa mkono kulikuwa na damu na nusu ya jino lake la mbele.

Mzee Kamau hakupaza sauti. "Mfupa wa bega hauvunjwi. Hapa hakuna kilichokatwa. Mtarudia siku nyingine, na mbuzi mwingine."

Siku nyingine ipi, wakati mama anapanda ndege kesho? Alibaki amekaa na gauni lenye mafuta, mkoba mapajani, na mimi na Wambui tukaondoka kutafuta daktari wa meno wa dharura. Kule uwanja wa ndege Wambui alimuaga mamake akiwa ameziba mdomo na kiganja.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami naongeza kisu. Nimeapa sishiki tena kisu kinachozidi cha mkate. Kila Jumamosi nanunua bega, natafuta kiungo kwa kidole, na sasa nakipata hata nikifumba macho. Mama mkwe akipiga simu anauliza kama nimeshajua, namwambia nimejua, mama, anasema vizuri, na hasemi atakuja lini.

Wambui ameweka jino jipya. Chakula changu anakula chote. Ila nikimpa nyama kwa mkono, anaipokea, anaigeuzageuza kwenye mwanga, halafu anaiweka pembeni mwa sahani.